Taji la Shaba kwa Mama Mkwe

Ukitembea na fundi wa paa, usitegemee kumaliza mazungumzo. Macho yake hayako kwako. Yako juu, yanakagua nyumba za watu: huyu kapigilia misumari bondeni mwa bati badala ya mgongoni, yule kalaza paa mno, maji yatamrudia. Huyu wetu alikuwa hivyo tangu ujana wake, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Kipanga. Jina hilo alilipenda. Lilimfaa mtu aliyeishi juu ya vichwa vya wenzake, akiona nguo zao zimeanikwa wapi na nani kapika nini, huku yeye akionekana miguu tu.

Kipanga alikuwa fundi mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yatamfanya msomaji amdharau, na kumdharau hakutamsaidia mtu. Paa zake zilinyooka. Alipokuwa kazini nyundo yake ilisikika kwa mapigo mawili kila msumari, la kwanza la kusimamisha na la pili la kuzamisha, na watu waliokuwa ndani walizoea mapigo hayo kama walivyozoea saa ya ukutani. Kilichomwangusha ni kofia.

Kofia ya paa ni ule ukanda unaokunjwa kufunika mgongo wa nyumba, pale miteremko miwili inapokutana. Kwa kawaida hukatwa kwenye bati lilelile lililoezekewa. Lakini Kipanga alikuwa na mikanda ya shaba. Aliipata lilipobomolewa jumba moja la zamani, siku wenye jumba walipowaruhusu mafundi wachukue wanachotaka kwenye kifusi. Wenzake waligombania milango na madirisha. Yeye akaikunja shaba iliyokuwa kileleni, akaibeba begani, akaisukumiza chini ya kitanda. Mkewe alifagia kuizunguka kwa miaka.

"Hivi, hivi vyuma vyako vinasubiri nini?" aliuliza kila alipoinama na ufagio.

"Vinasubiri nyumba inayovistahili."

Nyumba yenyewe ikaja kuwa ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa muuguzi aliyestaafu, mwanamke wa kunyoosha shuka mpaka pembe zikate kama karatasi. Wakati wa posa alisema neno ambalo wapambe walilibeba likiwa bado la moto: kwamba hakumsomesha binti yake aje aolewe na mtu anayeshinda juu ya nyumba za watu kama nyani. Kipanga alilimeza neno hilo. Halikushuka. Alizaa watoto, akajenga chumba hiki na kile, akawa baba wa heshima, na neno bado lilikuwa limekaa palepale kooni. Basi siku mama mkwe alipotaka nyumba yake iezekwe upya, Kipanga hakuona paa. Aliona nafasi.

Mabati yaliletwa kwa mkokoteni kutoka dukani kwa Mama Mabati, mjane aliyekuwa na duka kwenye kona, ng'ambo ya barabara, mlango mmoja wa mabati na misumari, mlango wa pili wa mifereji ya maji ambayo binti yake aliikunja mwenyewe. Yalikuwa mabati ya kawaida, chuma kilichovikwa zinki, meupe ya kuumiza macho. Kipanga akayaezeka. Kisha, wakati majirani wakidhani kazi imekwisha, akapanda na mikanda yake ya shaba aliyoisugua kwa majivu na limau, akaifunika mgongoni mwa nyumba. Ilitosha upande wa mbele tu, ule unaotazama barabara. Nyuma, juu ya jiko, akamalizia kwa kofia ya bati.

Jua lilipopiga, paa likawaka jekundu. Watu walisimama. Mama mkwe alitoka uani, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mkwe," alisema, "kumbe unajua kupamba."

Kipanga aliinama upesi. Alijifanya anatafuta nyundo.

Hapa inabidi niseme habari ya mwalimu wake wa kazi, marehemu mzee mmoja aliyemfundisha kushika msumeno. Mzee huyo alikuwa na makatazo mengi: usipige mluzi ukiwa juu, usimwazime mtu nyundo yako ya kwanza, usiweke shaba juu ya bati. Yote aliyatoa kwa sauti ileile na hakuna hata moja alilolitolea sababu. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Kwa sababu nimekwambia." Sasa kijana mwenye akili atafanya nini? Alipiga mluzi akiwa juu, hakuanguka. Aliazima nyundo, ikarudi. Akaweka makatazo yote kwenye kapu moja la mambo ya wazee na kulifunga. Mimi simlaumu yeye peke yake. Nawalaumu pia wanaoturithisha ukweli umefungwa pamoja na ushirikina, halafu wanashangaa tukitupa vyote.

Msimu wa kwanza wa mvua ukapita salama. Wa pili haukupita. Asubuhi moja mama mkwe aliamka akakuta tone limelowesha shuka lake, lile la pembe za kukata. Akasogeza kitanda. Tone likamfuata. Kufika mwisho wa wiki sebule nzima ilikuwa na mabakuli, na kila bakuli lilikuwa na sauti yake.

Kipanga aliitwa. Alipanda ngazi huku ukoo wa mkewe umesimama uani, na majirani wawili watatu nje ya ua. Kule juu aliona mabati ya mbele yana michirizi ya kutu na matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Misumari yake ilikuwa sawa. Milalo yake ilikuwa sawa. Shaba yake ilikuwa nzima, imekoza rangi tu kidogo. Ukimuuliza leo atakwambia kwamba aliona pia jambo jingine, kwamba mabati ya nyuma, juu ya jiko, hayakuwa na tundu hata moja. Aliona, na macho yakapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

"Ni nini, mkwe?" mama mkwe aliuliza kutoka chini.

Watu wote walikuwa wakimtazama. Kipanga akafungua mdomo, na ulimi, usio na mfupa, ukamtafutia pa kujificha.

"Mama, tumeuziwa karatasi. Haya si mabati."

Angeishia hapo labda yangepoa. Hakuishia. Alishuka akaenda mpaka dukani kwa Mama Mabati, akasimama mbele ya wateja na kuyasema hayohayo kwa sauti ya juu ya paa. Mama Mabati alikuwa akipima misumari kwenye mizani. Alimaliza kupima kwanza.

"Mwanangu," alisema, "mabati hayahaya ndiyo yako juu ya duka hili. Inua kichwa utazame. Unaona mwanga?"

"Basi ulijichagulia mazuri." Wateja wakaguna, naye akanogewa. "Jamani, mkinunua bati hapa, nunueni na ndoo."

Walicheka. Kicheko kile kilikuwa kitamu, na Kipanga alikiona kama dawa. Hakujua amekwisha kukipa miguu. Kufikia jioni neno la ndoo lilikuwa kwa kinyozi, kesho yake lilikuwa kwenye kituo cha maji, na baada ya miezi michache watu waliokuwa hawajawahi kumwona Kipanga wala Mama Mabati walikuwa wakiwaambia mafundi wao, "Popote, ila si kwenye lile duka la ndoo." Ule mlango wa mifereji ukafungwa. Binti aliyekuwa akiikunja akaenda mji mwingine kutafuta kazi. Mama Mabati akabaki kwenye mlango mmoja, na kiti.

Kipanga alipita hapo kila siku. Alimwamkia, naye aliitikia.

Sasa ikawa shule ya sekondari ya pale mtaani inataka kukarabatiwa dari ya stoo iliyopakana na maabara. Ukuta kati ya vyumba hivyo viwili haukufika juu, kwa hiyo Kipanga akiwa amekaa kwenye boriti aliweza kuliona darasa lote kwa chini, vichwa vya wanafunzi na utosi wa mwalimu wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Hakuwa akisikiliza. Alikuwa akingoja kengele ili apige nyundo bila kuwasumbua.

Mwalimu aliinua gilasi yenye maji ya buluu.

"Haya ni maji ya mrututu. Nani anajua humu ndani kuna nini?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Wino."

"Wino uko kichwani mwako. Humu kuna shaba. Imeyeyuka, ndiyo maana huioni. Na hiki hapa ni kipande cha zinki. Naomba mtazame nani atamfanya nini mwenzake."

Alikitumbukiza. Kipanga, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama. Mwanzoni hakuona kitu. Halafu kile kipande cheupe kikaanza kuota uchafu, mweusi kidogo, kisha mwekundu wa udongo, ukawa kama ukungu unaomea juu ya mkate. Buluu ikaanza kufifia.

"Ule wekundu ni kutu?" mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza.

"Si kutu. Ile ni shaba. Imetoka majini, imekaa juu ya zinki. Na zinki je, imekwenda wapi?"

"Imeingia majini."

"Ndiyo. Metali hazifanani tabia. Kuna wepesi na wazito. Sodiamu ukimtia majini tu anachemka na kukimbia huku na huku kama mwenye kichaa. Magnesi anamfuata, halafu zinki, halafu chuma. Shaba ni mzito, hajali sana. Dhahabu hata umsalimie vipi haitiki. Sasa mwepesi akikutana na mzito aliyeyeyuka majini, mwepesi anampisha kiti. Anaondoka yeye, mwenzake anakaa."

Kipanga aliona vidole vyake vimeshika boriti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameliona hili kabla. Wekundu ule wa udongo, michirizi ile ya giza, aliiona juu ya paa la mama mkwe na kuiita kutu.

Kengele ilipolia na darasa likatoka, alishuka akaenda mpaka mlangoni, kofia yake ya kazi mkononi.

"Mwalimu, samahani. Kama maji si hayo ya buluu? Kama ni maji ya mvua tu, yanapita juu ya shaba?"

Mwalimu alikuwa akisafisha gilasi. Alimtazama kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mvua ina uchachu kidogo, fundi, hasa kwenye moshi kama huu wetu. Inailamba shaba kidogo sana. Shaba yenyewe huwezi kuiona imepungua. Lakini tone hilo likishuka likatua kwenye zinki, yanatokea yaleyale uliyoyaona. Na zile chembe za shaba zikishakaa pale, kila mvua ikinyesha zinazidi kuila zinki iliyo jirani. Zinki ikiisha, chuma kinabaki uchi, na unajua mwenyewe kutu inavyopenda chuma uchi."

"Na ikiwa zinki ndiyo iko juu na shaba chini?"

"Hapo shaba haidhuriki. Ni nani aliyeweka shaba juu ya bati?"

"Fundi mmoja," Kipanga alisema. "Namfahamu."

Hakurudi kazini mchana ule. Alichukua ngazi akaenda kwa mama mkwe, akapanda. Yote yalikuwa pale, pembeni mwa viraka vya lami alivyozibia tangu ule msimu. Kutoka kila pindo la kofia ya shaba, pale maji yanapodondokea, ulianza mchirizi wa giza, ukateremka ukifuata bonde la bati mpaka chini, na matundu yalifuata mchirizi huo kama shanga. Palipokoma shaba, palikoma ugonjwa. Mabati ya jikoni, ya mkokoteni uleule, ya duka lilelile, yalikuwa safi. Na shaba haikuwa na hata kovu. Ilikuwa nzuri.

Ndivyo mambo yalivyo, na si juu ya paa tu. Aliye juu hudondosha, wa chini wakaoza, na lawama huwaangukia waliooza. Tumelizoea hilo mpaka tunaliita bahati mbaya.

"Umeona nini, mkwe?" sauti ilimfikia.

"Nitarekebisha, mama."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilimtia haya.

Jioni, duka lilipokuwa likifungwa, alizunguka uchochoroni akagonga mlango wa nyuma wa Mama Mabati. Alimkuta anakunja gunia la kukalia. Kipanga akamweleza yote kwa sauti ya chini, mrututu, zinki, michirizi, akamalizia kwa kusema amekosa na anaomba radhi. Alitegemea atatukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata aliyataka.

Mama Mabati aliendelea kukunja gunia mpaka likawa dogo la kushikwa mkononi.

"Siku ile uliingia kwa mlango upi?"

"Wa mbele, mama."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Na leo umekuja kwa huu." Akaliweka gunia juu ya rafu. "Mwanangu, samahani yako ni nzuri. Ila mimi ulinichafua barabarani, huwezi kuja kunisafisha uchochoroni. Nani atakayeniona nimetakata? Huyo paka?"

Paka alikuwepo kweli, juu ya pipa. Kipanga akamtazama, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumtazama mwenye duka.

Nyumbani hakula. Mkewe alimngoja, akachoka kungoja, akamuuliza. Alipomaliza kumsikiliza, mabega yakaanza kumtikisika, na Kipanga akagundua anacheka.

"Unacheka?"

"Nilifagia kuzunguka ule upuuzi miaka yote ile. Ningejua ningeutupa."

"Mama yako atajua."

"Atajua nini? Kwamba mume wangu anakosea? Hilo analijua tangu posa." Kisha kicheko kikamwisha. "Binti wa Mama Mabati tulisoma naye. Alikuwa akikunja mfereji huku akiimba. Siku anaondoka alinipita hapo nje, hakuniaga. Nilidhani ana haraka."

Kipanga aliinamisha uso. Neno lile la zamani, la nyani, lilikuwa limekaa kooni mwake miaka mingi, na sasa aliona jinsi lilivyokuwa dogo. Yeye alikuwa ameambiwa kitu kimoja na mtu mmoja. Mama Mabati alikuwa ameambiwa na mji.

Kesho yake hakungoja barabara iwe tupu. Alisubiri wakati watu wanapokwenda makazini na wengine wanaporudi kutoka sokoni, ndipo akapanda, akaanza kuing'oa kofia ya shaba kwa tindo. Misumari ilitoa ukelele wake. Wa kwanza kusimama alikuwa kinyozi.

"Kipanga, mbona unamvua mkweo taji?"

"Paa linavuja," alisema, akasikia jinsi alivyolisema kwa uoga. Kinyozi akatikisa kichwa, akaanza kuondoka. Ng'ambo ya barabara, mlangoni kwake, Mama Mabati alikuwa kwenye kiti. Hakuwa akimtazama. Alikuwa akipanga misumari.

"Ngoja, ngoja kidogo," Kipanga aliita. Kinyozi akageuka, na wengine wakageuka naye. "Halivuji lenyewe. Ni hii shaba. Mvua ikipita juu ya shaba inateremka na sumu ya mabati. Mabati ya Mama Mabati yalikuwa mazima, tazameni ya nyuma kule, ni ya duka lilelile. Niliyaua mimi kwa pambo langu. Halafu nikamsingizia yeye."

"Si ulisema karatasi?"

"Nilisema."

"Na ile ya ndoo?"

"Ni yangu pia."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. Wakamtazama tu, mtu mzima aliyekaa mgongoni mwa nyumba na kipande cha shaba mapajani, jua likimpiga usoni. Kisha wakaenda zao, na wengine wakaja, wakauliza swali lilelile, naye akaanza upya. Kwa kila aliyeuliza alianza upya. Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka, na aibu, aliyodhani itapungua kwa kusemwa, haikupungua. Ilizoeleka tu mwilini, kama uzito wa mfuko wa misumari kiunoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani muda wote, akisikiliza kila awamu. Hakumkatiza. Kipanga aliposhuka kunywa maji, mama mkwe alimpa kata, akamngoja amalize.

"Kwa hiyo uliiweka kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nataka paa lisilovuja," alisema. "Hayo mengine ulikuwa unayataka wewe." Akaipokea kata. "Maliza kazi. Mabati ya kubadilisha utayachukua wapi?"

Kipanga akatazama ng'ambo. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akavuka barabara, akaingia kwa mlango wa mbele. Walikuwepo wateja wawili, au pengine watu waliokuja kutazama tu. Akaagiza mabati, akataja urefu wake, akataja na kofia ya bati. Mama Mabati akamhudumia kama mteja yeyote. Hakusema amesamehe. Alipokuwa akifunga kamba, bila kuinua uso, aliuliza, "Na ndoo huchukui?"

Wale wawili wakaangua kicheko. Kipanga alisimama akakipokea chote. Kisha akajitwika mabati kichwani, akarudi nayo ng'ambo huku yakimlialia kwa kila hatua.

Duka lile mlango wake wa pili haujafunguliwa hadi ninapoandika. Binti hajarudi. Kipanga bado anaitwa kazini, ingawa wanaomwita sasa humwambia, wakitabasamu, "Njoo, ila shaba iache nyumbani." Naye huitikia ndiyo, kila mara, na hupanda. Kijana anayejifunza kwake akiuliza kwa nini jambo fulani halifanywi, Kipanga huweka nyundo chini na kumweleza sababu, yote, tangu mwanzo, na fundi aliyekosea humtaja kwa jina.